Tenga la Raya

Katika mji ule wa kisiwani, mgonjwa akirudi kutoka hospitali hukuta majirani wamempalilia ua, halijabaki hata jani. Mize aliijua desturi hiyo, lakini aliporudi yeye na kuona udongo mtupu, alikunja uso. Aliyawaza maua mwitu ya zambarau ambayo marehemu binti yake aliyatoa mlimani akayapanda kando ya kisima.

"Mbona umenuna?" aliuliza jirani yake Raya, jembe begani. "Hata ahsante hamna?"

"Ahsante, shoga. Na maua ya mwanangu?"

"Yale magugu? Niliwaambia wenzangu, atakayeyagusa nitamlima yeye."

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya kisima. Palikuwa na tenga kuukuu limefudikizwa, na maua yamechomoza katika kila tundu lake.

"Kuku wako walikuwa wakiyachakura. Sasa tenga langu nalitaka, nikabebee muhogo."

Raya alipolinyanyua kidogo, mashina yakapinda. Mize akaushika mkono wake.

Raya akafyonya. Akalirudisha tenga chini polepole, kisha akatupa ndoo kisimani na kuanza kuyatekea maua maji.