Sauti ya Somoe

Siku hizo kila chombo cha nyumbani, hata birika la chai, kilipaswa kuwa mtandaoni na kugawana na vingine yote kiliyonayo. Mzee Shemboko alibakiza kompyuta moja kuukuu yenye mfumo wa Linux aliousimika mwenyewe enzi za ujana, haijaunganishwa popote. Humo aliihifadhi sauti ya marehemu mkewe, Somoe, akimtania mumewe kwa kupenda safari.

Siku moja mzee aliporudi kutoka msikitini, mjukuu wake Rukia alimpokea kwa kicheko. "Babu, nimekuunganishia ile kompyuta yako. Maskini, ilikaa kama mkiwa!"

"Umefanya nini wewe?"

"Si nimekusaidia, jamani?"

Birika likaita kutoka jikoni, kwa sauti ya Somoe: "Njoo unywe chai, mzururaji wangu."

Rukia akapiga makofi. Mzee alitaka kukasirika, lakini miguu ilikwisha kuitika.