Begi Kwenye Ulezi

Wasomaji wengine walibonyeza kopa tu, wakapita. Mmoja ndiye aliyeandika maneno, na Redempta aliyasoma mara mbili, amechuchumaa jikoni.

"Mwandishi, begi la huyo mke halifai kukaa kwenye ulezi. Panya watalitoboa."

Hadithi hiyo, mwendelezo aliojitungia wa tamthilia ya televisheni, alikuwa akiiandika Facebook kwa jina la bandia. Mke wa kwenye hadithi alitaka kumtoroka mumewe, na begi lake lilikuwa uvunguni mwa kitanda. Lililofichwa kwenye ulezi lilikuwa la Redempta mwenyewe.

Nani huyu? Mume wake, ambaye siku hizi simu haimtoki mkononi?

Akakimbilia kwenye kihenge, akazamisha mkono katika ulezi wa baridi. Begi lilikuwepo, ila sasa limevikwa mfuko wa nailoni na kufungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani.

Mtu akakohoa nyuma yake. Mama mkwe alikuwa amesimama uani, kitenge chake cha kijani kimechanwa kwenye upindo.

"Shikamoo, mama," Redempta akasema, ingawa asubuhi walishasalimiana.

"Marahaba. Wasomaji tunangoja, mwanangu. Huyo mke anaondoka lini?"