Kitufe cha Tatu

Sekhonyana alibonyeza kitufe cha tatu, akodiani ikalia, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui ni kidole kipi kilichobonyeza.

Akaangalia. Kilikuwa cha shahada, kimekuwa cheupe kwenye ncha kama kilichotolewa kwenye barafu.

Miaka ishirini na saba alishika mashine ya kutoboa miamba kwenye migodi ya dhahabu, na kila likizo alipitia duka hili la mjini Mafeteng kuitamani akodiani. Lakini pesa zilikuwa na kazi nyingine: kwanza ng'ombe wa mahari. Halafu mabati. Halafu karo. Leo asubuhi mkewe alimwambia, "Pesa zilizobaki ni zako, mume wangu. Twende ukanunue hayo makelele yako, na mimi nicheze."

Akafumba macho, akajaribu tena. Vidole vikateleza juu ya vitufe kama vya mtu mwingine. Akafumbua.

"Baba, mbona unavikodolea macho vidole vyako?" muuzaji akamtania. "Wapigaji wenzako wanaangalia wanawake."

"Vina ganzi. Ni mtetemo wa ile mashine. Daktari wa mgodini alisema haitoki."

"Utazoea tu. Si umestaafu? Muda unao."

"Muda ninao," alisema.

Akatoa pesa zote, akaziweka mezani. Kisha akamgeuzia muuzaji mgongo.

"Nifungie mkanda wa akodiani, mwanangu. Mimi siwezi."

Mlangoni, mkewe alikuwa ameshajifunga blanketi kiunoni kama kibwebwe.