Macho Yaliyopangiwa Kazi

Leo wamempangia kazi binti yangu Mwanaidi, na mimi nimefoka mpaka sauti imekauka.

"Mama, macho yake hayana kasoro," karani wa Idara ya Macho aliniambia bila hata aibu. "Anaona mbali vizuri. Atakaa mnarani kuangalia moto wa msitu."

"Na karibu je? Hawezi kusoma hata jina lake! Mpeni miwani ya kioo kilichovimba katikati, atasoma."

"Mnarani hakuna cha kusoma."

Mimi pia walinifanyia hivyohivyo. Naona karibu tu, basi nikafanywa fundi simu. Kioo kilichobonyea katikati kingenirudishia mbali yote, lakini sheria inasema jicho halirekebishwi, linapangiwa kazi. Miwani ni kosa. Watu wazima walikaa wakaipitisha sheria hiyo, wakapiga na makofi!

Nyumbani nilimsogelea Mwanaidi mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, nimtazame vizuri kabla hajaondoka.

"Mama, naona ukungu tu," akasema. "Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi. Uso wake ukaanza kufutika.

"Bado, Mama."

Nikatoka nje, nikavuka uwanja kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga geti. Binti yangu alikuwa doa la kijani mlangoni.

"Hapohapo! Sasa nakuona," akaita. "Mbona unalia?"

"Silii! Nina hasira!"

Kama yeye alikuwa anacheka au analia, sijui mpaka sasa.