Tuzo za Harusi ya Swala

"Elfu sitini, Chiriku! Nusu yake ni yangu!" alifoka Pimbi, zeze lake likiwa bado kwapani.

Zeze hilo alilitundika ukutani alipofiwa na mkewe, akaapa hagusi tena. Alilishusha kwa ajili ya rafiki yake Chiriku tu, aliyembembeleza ampigie akiimba harusini kwa Swala. Na kweli wageni walimtunza Chiriku mpaka noti zikamfunika mabawa.

"Swahiba, usinichokoze nikasema."

"Sema! Mimi sipendi mafumbo."

"Haya. Kila aliyekuja kunitunza aliniinamia sikioni: 'Pole mwanangu, unaimba vizuri, ila huyo mpigaji anakuua.' Hizi si tuzo za muziki, Pimbi. Wamenionea huruma."

Pimbi alivitazama vidole vyake. Muda wote wa kupiga aliamini vimerudi, tena aliona hata machozi ya wageni. Akaketi pale pale, akaliacha zeze lidondoke mchangani. Hakuliokota.

"Hiyo huruma umeipata kwa kazi ya nani?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Kwa kazi yangu mimi. Nipe elfu thelathini zangu."