Nguva na Kasuku wa Mikokoni

Kwa jina la Mola, Mwenye bahari na anga. Chimbuko la hekaya hii ni mikokoni.

Nguva mkimya alikuwa akila majani ya bahari, Kasuku msemaji akamcheka kutoka mtini: "Shoga, kwa uzito huo kizazi chenu kitakwisha kabla ya chetu."

"Nyie mnaotiwa tunduni mna nafuu gani?" akajibu Nguva.

Alipogeuka, akanasa katika jarife, wavu mkubwa wa wavuvi waliokuwa chomboni karibu, asiweze kupanda kuvuta pumzi. Kasuku akaiga sauti ya nahodha wao aliyesinzia: "Limeshika mwamba, kateni!" Mabaharia wake, wasiozoea kumhoji nahodha, wakalikata jarife. Nguva akaibuka, akapumua.

"Tumebaki wachache, shoga," akasema. "Kaa karibu."

Kasuku akahamia tawi la chini.

Nanyi mliosikiliza, Mola awajaalie majirani wema.