Kijiko cha Uto

Kila asubuhi, ngamia akishafungwa macho na kuanza kuzungusha kinu, Bi Mwanakheri hunywa kijiko kimoja cha uto alioukamua jana yake. Ndiyo desturi ya wakamuaji: mafuta ya ufuta yakichacha, ulimi wa mwenye kinu ujue kwanza.

Mafuta yake hayajachacha kamwe. Wala yeye.

Siku moja, Mwanakheri akiwa hajanywa bado, bintiye, Sihaba, aliingia akijikongoja kwa bakora, mvi zikimchungulia chini ya ushungi. Mteja aliyekuwa akijaziwa chupa akamwamkia, "Shikamoo, bibi. Mjukuu wako anakimudu kinu, mashaallah."

"Marahaba," Sihaba akajibu, asimsahihishe.

Mteja alipoondoka, Mwanakheri akajaza kijiko. "Kunywa, mwanangu. Kaka zako watatu walikataa, nikawazika wote. Na wewe nikuzike?"

Sihaba aliutazama mkono ule uliomlea, usio na kunyanzi hata moja. "Umewahi kukosa siku moja, mama?"

"Hata moja."

"Basi leo usinywe. Tukae hapa, tuzeeke pamoja."

Mwanakheri akakimimina kijiko mchangani. Uani ngamia akasimama, ingawa hakuna aliyemwamuru.

Wakakaa bega kwa bega. Jua lilipofika utosini, Sihaba akauokota unywele mmoja mweupe begani mwa mama yake. Akaokota wa pili. Halafu kiganja kikamjaa.